Miaka 10 ya kutafuta ufumbuzi: Mahakama ya Kadhi na viongozi waliokwepa kujibu

Ilani ya Uchaguzi ya CCM ya mwaka 2005 ilikuwa na sentensi moja fupi kuhusu Mahakama ya Kadhi, yaani mahakama ya kuamua ndoa, talaka na mirathi za Waislamu. Haikusema chama kitaianzisha, wala haikusema hakitaianzisha. Ilisema chama kitalipatia ufumbuzi suala la kuanzishwa kwake Tanzania Bara. Muislamu wa Ujiji au Temeke aliyeisoma alielewa kwamba safari hii jambo limeingia kwenye kitabu cha chama tawala, basi mahakama inakuja. Mkristo aliyeshtuka na kuuliza aliweza kujibiwa kwamba hakuna aliyeahidi mahakama, kilichoahidiwa ni ufumbuzi. Majibu yote mawili yalikuwa sahihi kwa mujibu wa maandishi, na ndiyo sababu sentensi iliandikwa hivyo.

Nakichambua kisa hiki kwa sababu kwangu ndicho mfano ulio wazi kuliko yote, katika siasa zetu za vyama vingi, wa viongozi kukwepa kusema wanasimama wapi kwenye jambo linalowagawa wananchi. Hoja yangu haihusu kama mahakama ingepaswa kuwepo au la. Wapo watu makini pande zote mbili. Hoja yangu ni kwamba kukwepa kwenyewe kulileta madhara ambayo "ndiyo" au "hapana" ya mapema isingeyaleta.

Kwanza tuielewe sheria, maana wengi waliogombana kuhusu jambo hili hawakuwahi kuelezwa hali ilivyo. Kadhi si mgeni katika nchi hii. Pwani alikuwepo kabla ya ukoloni, na Wajerumani, kisha Waingereza, walimtumia pamoja na liwali na akida, watawala wa ngazi za chini. Baada ya uhuru, Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963 iliunganisha mahakama zote kuwa mfumo mmoja, na mahakama za kadhi za Bara zikafa. Zanzibar ilibaki na zake. Lakini kilichofutwa Bara ni mahakama, si sheria ya Kiislamu. Mwaka 1964 Bunge lilitunga sheria ya kuwezesha kanuni za Kiislamu kuandikwa na kutangazwa rasmi, ile inayojulikana leo kama Sura ya 375. Mpaka sasa Mahakama ya Mwanzo inasikiliza mirathi ya Muislamu kwa kufuata sheria ya Kiislamu. Sheria ya Ndoa ya 1971 inazitambua ndoa za Kiislamu, na inaeleza talaka iliyotolewa kidini inavyofika mahakamani baada ya baraza la usuluhishi kushindwa kuwapatanisha wanandoa. BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania lililoanzishwa 1968, ina mabaraza ya aina hiyo.

Kwa hiyo swali halisi halikuwa kama sheria ya Kiislamu itumike Tanzania Bara. Inatumika. Swali lilikuwa nani aitafsiri: hakimu wa serikali, ambaye anaweza kuwa Mkristo na hajawahi kusoma mirathi ya Kiislamu popote, au kadhi aliyeisomea. Na kama ni kadhi, hukumu yake iwe na nguvu gani, nani amteue, nani amlipe, na mwanamke asiyeridhika akate rufaa wapi. Hayo ni maswali ya kazi, yanayojibika. Nchi ilihitaji kiongozi mmoja wa kuyapanga hivyo mbele ya wananchi wote, kwa maneno yale yale msikitini na kanisani.

Aliyelifikisha jambo hili Bungeni alikuwa Augustino Mrema. Mwaka 1998, akiwa mbunge wa Temeke kwa tiketi ya chama cha upinzani cha NCCR-Mageuzi, aliwasilisha hoja binafsi ya kutaka Mahakama ya Kadhi irejeshwe Bara. Mrema alikuwa Mkristo kutoka Kilimanjaro, na jimbo lake lilikuwa na Waislamu wengi. Unaweza kusema alitafuta kura, na huenda ni kweli. Lakini alisimama, akaitaja mahakama kwa jina, akasema anataka nini. Waliompinga walijua wanapinga nini. Hoja ikaingia kwenye kamati, na miaka ikapita.

Ndipo ikaja 2005. Jakaya Kikwete alishinda kwa asilimia 80, ushindi ambao ungemruhusu kutoa jibu lolote alilotaka na bado akabaki na mtaji wa kisiasa. Badala yake jambo likapelekwa Tume ya Kurekebisha Sheria. Kupeleka jambo kwenye Tume si kosa, Tume ipo kwa kazi hiyo. Tatizo ni kwamba kila swali lililoulizwa Bungeni sasa lilikuwa na jibu tayari: serikali inalifanyia kazi, mchakato unaendelea, wananchi wawe na subira. Tunazijua lugha hizo. Kwa Kiswahili cha mtaani, Waislamu waliopigania jambo hili walisema wanapigwa danadana, na sidhani kuna anayeweza kuwalaumu.

Mwaka 2009 jibu lilitoka, na lilikuwa jibu. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Mathias Chikawe, alisema serikali haitaanzisha Mahakama ya Kadhi kama chombo cha dola, na kwamba kanuni za Kiislamu zitaendelea kutumika kupitia mahakama zilizopo. Mtu anaweza kulikataa jibu hilo, lakini lilikuwa na sababu na lilikuwa na mwisho. Ibara ya 19 ya Katiba inasema shughuli za uendeshaji wa jumuiya za dini zitakuwa nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Mtu akiisoma ibara hiyo anaweza kufikia msimamo wa Chikawe kwa nia njema kabisa.

Serikali haikusimama hapo. Malalamiko ya Waislamu yalipopanda, huku uchaguzi wa 2010 ukikaribia, lugha ikalainika tena. Ikawa mazungumzo na masheikh yanaendelea, kamati ya pamoja imeundwa, hakuna mlango uliofungwa. Kwa maoni yangu hapa ndipo lilipofanyika kosa kubwa kuliko lile la 2005. Sentensi ya ilani iliandikwa na watu waliotafuta kura, na kila chama huandika hivyo. Kulegeza msimamo uliokwisha kutolewa na waziri, bila kusema umefutwa na bila kusema umebaki, kuliwafundisha wananchi kwamba hata neno la serikali Bungeni si neno. Kuanzia hapo kila upande uliona dawa ni kupiga kelele zaidi, kwa sababu kelele ndizo zilizoonekana kuisogeza serikali.

Ilani ya 2010 haikulirudia jambo hilo. Haikueleza limeishia wapi. Sentensi iliondoka kimya kimya kama ilivyoingia. Uchaguzi ule ulikuwa na harufu ya dini kuliko yote iliyotangulia. Mpinzani mkuu, Dk. Willibrod Slaa wa Chadema, aliwahi kuwa padri na katibu wa Baraza la Maaskofu Katoliki, na maneno ya chini kwa chini yalikuwa mengi pande zote. Kura za Kikwete zilishuka hadi asilimia 60 na kidogo. Sitadai Mahakama ya Kadhi ndiyo iliyozishusha, maana sababu zilikuwa nyingi. Lakini ni vigumu kudai kwamba kukwepa kulikilinda chama.

Baadaye BAKWATA ikasimika Kadhi Mkuu wake, nje ya mfumo wa dola. Serikali ilionyesha kuridhika na njia hiyo: Waislamu wawe na kadhi wao, wamgharimie wenyewe. Ikiwa huo ndio ufumbuzi ulioahidiwa 2005, ilitakiwa usemwe hivyo waziwazi, na pia isemwe kasoro yake. Kadhi huyo hana nguvu ya kisheria ya kumlazimisha mtu. Mjane akienda kwake na kupewa fungu lake, na shemeji zake wakakataa kutoa, anaanza upya Mahakama ya Mwanzo kana kwamba hakuna kilichofanyika. Mume akikataa wito, hakuna askari wa kumleta. Anayeumia ni yule mwenye haki na asiye na nguvu nyumbani, na mara nyingi huyo ni mwanamke.

Nchi ilikuwa imechoka na mivutano ya dini wakati huo. Mwaka 2012 vikundi vya Kiislamu viliwataka wafuasi wao wasusie sensa kwa kuwa haikuwa na swali la dini, swali ambalo halijaulizwa tangu sensa ya 1967. Oktoba mwaka huo makanisa yalichomwa moto Mbagala. Mwanzoni mwa 2013 ulizuka ugomvi kanda ya Ziwa kuhusu nani ana haki ya kuchinja. Matukio hayo hayakusababishwa na suala la kadhi, lakini yanaonyesha ni katika hali gani viongozi waliendelea kusema mambo mawili kwa wakati mmoja.

Katiba Mpya ikaingia kwenye ugomvi

Ili kupitisha Katiba Mpya, Bunge Maalumu la Katiba la 2014 lilihitaji theluthi mbili ya wajumbe wa Bara na theluthi mbili ya wajumbe wa Zanzibar. UKAWA, umoja wa wapinzani, walikuwa wametoka nje tangu Aprili. Kila kura iliyobaki ilikuwa na thamani, na baadhi ya wajumbe Waislamu walitaka Mahakama ya Kadhi iingizwe kwenye katiba. Haikuingizwa. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliwatuliza kwa ahadi kwamba serikali italeta muswada katika Bunge la kawaida mwanzoni mwa 2015. Oktoba 2, 2014 Katiba Inayopendekezwa ikapita.

Tuitazame ahadi hiyo vizuri. Miaka mitano kabla, serikali ile ile, chini ya Waziri Mkuu yule yule, ilikuwa imesema mahakama hiyo haitakuwa chombo cha dola. Sasa inaahidiwa sheria ya kuitambua, kwa sababu kura zinahitajika wiki hiyo. Hapakuwa na maelezo ya nini kimebadilika. Kama kulikuwa na utafiti mpya au maoni mapya ya wanasheria wa serikali, wananchi hawakuelezwa.

Muswada ulipokuja, haukuja kwa jina lake. Uliwekwa ndani ya Muswada wa Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, ule mkusanyiko ambao kwa kawaida hurekebisha vifungu vidogo vidogo vya sheria nyingi kwa mkupuo. Humo ndimo kilipowekwa kifungu cha kuibadilisha Sura ya 375 ili maamuzi ya kadhi katika ndoa, talaka na mirathi yatambuliwe. Jambo lililosubiriwa na mamilioni na kuogopwa na mamilioni lilipangwa kupita likiwa limebanwa katikati ya marekebisho ya sheria zisizohusiana nalo. Wazee wana msemo wa funika kombe mwanaharamu apite, lakini safari hii kila mtu alikuwa analitazama kombe.

Semina ya wabunge kuhusu muswada huo iligeuka vurugu. Jukwaa la Wakristo, linalowakusanya maaskofu Wakatoliki, makanisa ya CCT (Jumuiya ya Kikristo Tanzania) na Wapentekoste, lilitoa tamko mwezi Machi 2015 likipinga muswada, na halikuishia hapo: liliwataka waumini waipigie kura ya hapana Katiba Inayopendekezwa, iliyopangiwa kura ya maoni Aprili 30. Upande wa pili, taasisi za Kiislamu zilionya kwamba muswada ukiondolewa, Waislamu nao hawataiunga mkono katiba. Ndani ya Waislamu wenyewe hapakuwa na kauli moja, kwa kuwa zipo taasisi ambazo hazijawahi kuitambua BAKWATA kuwa msemaji wao na hazikutaka ndiyo iwe mlezi wa makadhi. Rais Kikwete aliwaambia viongozi wa dini mwezi huo huo kwamba serikali haitaanzisha mahakama, Waislamu wataianzisha na kuigharimia wenyewe. Muswada uliokuwa umekwisha kuahirishwa mara moja ukaondolewa tena mwanzoni mwa Aprili. Aprili 2 Tume ya Uchaguzi, chini ya Jaji Damian Lubuva, ikatangaza kuahirisha kura ya maoni kwa sababu uandikishaji wa wapiga kura haujakamilika. Kura hiyo haijapigwa mpaka leo.

Sababu ya Tume ilikuwa ya kweli, mashine za BVR za kuandikisha wapiga kura zilichelewa na kila mtu aliona. Lakini hata zingewahi, katiba ingeingia kwenye sanduku la kura ikiwa na maadui wa pande mbili zinazopingana, wote wakiwa na hasira kwa sababu ya ahadi moja. Hicho ndicho kipimo cha madhara ninayoyazungumzia. Ahadi iliyotolewa ili kupata kura za katiba ndani ya ukumbi iliondoka na kura za katiba nje ya ukumbi.

Jirani walijibu

Kenya walikuwa na swali lile lile miaka mitano kabla. Mazingira yao ni tofauti, kwa sababu kadhi wao alikuwa kwenye katiba tangu uhuru, kutokana na makubaliano ya 1963 kuhusu ukanda wa Pwani uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Lakini makanisa yalipinga vikali mahakama hiyo ibaki katika katiba mpya, pamoja na kifungu cha utoaji mimba. Kura ya maoni ilipigwa Agosti 4, 2010. Rais Mwai Kibaki na Waziri Mkuu Raila Odinga walisema ndiyo. William Ruto, akiwa waziri katika serikali hiyo hiyo, alisema hapana na akazunguka nchi nzima akisema hivyo. Rangi ya ndiyo ilikuwa kijani, ya hapana nyekundu, na Wakenya wakampa jina kila kiongozi aliyejificha katikati: tikiti maji. Jina hilo lilimganda Makamu wa Rais Kalonzo Musyoka kwa miaka. Ndiyo ikashinda kwa takriban theluthi mbili, na Mahakama ya Kadhi ikabaki ibara ya 170, mipaka yake ikiwa imeandikwa: hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wameridhia.

Nautaja mfano huo kwa sababu wapo wanaosema kwetu kujibu kungevunja amani. Kenya ya 2010 ilikuwa imetoka kwenye umwagaji damu wa 2007 na 2008, na mkutano wa kupinga katiba Uhuru Park ulilipuliwa kwa bomu mwezi Juni na watu wakafa. Hawakuwa na amani kutuzidi. Walijibu hata hivyo, na walioshindwa walijua wameshindwa kwenye nini. Zanzibar nao mwaka 2017 walipitisha sheria mpya ya Mahakama ya Kadhi kupitia Baraza la Wawakilishi, kifungu kwa kifungu, ikiwemo jinsi ya kushughulikia mali zilizochumwa na wanandoa.

Naiheshimu hoja ya amani, na nataka kuitendea haki. Wanaoitetea wanasema Tanzania imekaa salama kwa sababu viongozi wake hawakuchokonoa dini, na kwamba tangu Mwalimu Nyerere busara imekuwa kuacha mambo mengine yasisemwe. Kuna ukweli hapo. Kati ya 1963 na mwishoni mwa miaka ya 1990 serikali haikusema mengi kuhusu kadhi, na hakuna aliyedanganywa. Lakini busara hiyo inamhusu kiongozi asiyeliibua jambo. Aliyeliandika kwenye ilani, akalichukulia kura, akalitolea msimamo 2009, akaulegeza, akaliahidi tena 2014 na kuliondoa 2015, huyo hakunyamaza. Alizungumza kila mara, na kila mara alichagua maneno yatakayomwacha msikilizaji aamini anachotaka kuamini. Amani haikupata faida yoyote hapo. Mkristo alizidi kuamini kuna ajenda ya siri, Muislamu akazidi kuamini serikali ni ya maaskofu. Dhana hizo mbili zilikuwepo kabla ya 2005, lakini baada ya 2015 kila moja ilikuwa na ushahidi wa kuonyesha.

Na katika miaka yote hiyo, waliokuwa na shida yenyewe hawakuwahi kuwa kiini cha mjadala. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikwisha kuamua, katika kesi ya wanandoa Waislamu, kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Je, kadhi angefungwa na uamuzi huo? Mwanamke anayeona kadhi amempunja angeweza kwenda Mahakama Kuu? Kama mume anataka kwa kadhi na mke anataka kwa hakimu, nani anashinda? Haya ndiyo yaliyokuwa na uzito kwa mtu aliye na kesi, na kila mzazi mwenye binti alistahili kuyasikia yakijibiwa. Yalizama kwa sababu mjadala uligeuka kuwa wa heshima ya dini: nani kapewa, nani kanyimwa. Kiongozi anayekwepa kusema msimamo wake hawezi kueleza vipengele vya jambo, kwa sababu akieleza kipengele kimoja tu amekwisha kuonyesha anaelekea wapi.

Mazungumzo ya Katiba Mpya yanarudi kila baada ya muda, na ombi la Mahakama ya Kadhi litarudi nayo. Mgombea atakayekuja kwenu na neno "ufumbuzi" muulizeni mambo matatu, hadharani, na aandikwe. Hukumu ya kadhi iwe na nguvu ya mahakama, au ibaki ya hiari? Mshahara wake utoke wapi? Na mwanamke asiyeridhika naye akate rufaa kwa nani?